Vipimo vya Jioni

Ifakara, mchana, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Skola,

Marahaba. Nimeitikia mapema, maana najua ukiifungua barua hii utaanza kwa kuniamkia moyoni, hata kama utakuwa ndani ya basi, mbali na mimi.

Umeondoka asubuhi kwenda kijijini Mbingu kumuaga mjomba wako Benedikti, na nyumba imekuwa kimya mpaka naisikia friji. Begi lako jekundu liko hapa sebuleni. Nimelifungua mara mbili: mara ya kwanza kuhakikisha umeweka sweta, mara ya pili kwa umbea tu. Nimeiona kompyuta yako, na najua humo ndani umeibeba programu yangu ya mto, ile unayotaka kuanzia utafiti wako huko uendako. Ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Habari za baridi, chakula na wanaume, mama zako wa jumuiya wamekuhubiria wiki nzima. Mimi siongezi neno.

Juzi uliniuliza swali, nikalijibu kwa kicheko. Mlikuwa mashineni na mjomba wako mnakoboa mpunga. Gunia lilipowekwa kwenye mizani akageuza uso, akakuambia, "Soma wewe, Skola. Macho yangu hayaaminiki." Ukashangaa, kwa sababu siku moja kabla ulimwona akichomoa mwiba kwenye kidole cha mtoto bila miwani. Ukaniuliza, "Mama, mjomba ana nini na namba?" Nikasema ni uzee. Benedikti ni mdogo wangu kwa miaka minne. Kama yeye mzee, mimi ni nini?

Leo nakujibu sawasawa.

Unajua kwetu masika yakikaribia watu huhamia shamba. Nyumba za mjini zinafungwa, masufuria na kuku wanapakiwa, familia nzima inakwenda kuishi bondeni kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mpunga uvunwe. Sisi tulikuwa wawili tu wa kusoma, na mtu mmoja alitakiwa akae shambani kuamia ndege wasile mpunga. Mimi nilikuwa dada mkubwa na nilikuwa na maksi nzuri, kwa hiyo nikaachwa mjini kwa mama mdogo niendelee na shule. Benedikti akapanda juu ya dungu na kombeo lake. Alimaliza darasa la saba kwa kuungaunga. Hakuna aliyesema kwamba mmoja anamlipia mwingine, ndivyo mambo yalivyokuwa, lakini nilikua nikijua kwamba kila hesabu niliyofanya, kuna ndege alikuwa anafukuzwa mahali.

Na huko juu ya dungu, yeye ndiye aliyenifundisha swali langu la maisha yote. Nilikwenda kumtembelea likizo, akanionyesha mto mdogo ule unaoshuka kutoka milimani na kupita nyuma ya Katindiuka. Alikuwa amechomeka mti ukingoni, ameukata kwa kisu alama kuanzia chini mpaka juu. "Dada," akasema, "nikiona maji yameruka alama mbili tangu asubuhi, naweza kujua kesho yatakuwa wapi?" Alikuwa na miaka kumi. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma shingo, nikitazama mti uliosimama majini. Maji yako hapa sasa. Yanapanda kwa kasi hii. Basi baadaye yatakuwa wapi? Skola, nimesoma nchi tatu na nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kukutana na swali zuri kuliko hilo.

Wewe hesabu hizi unazijua, lakini vumilia nikueleze kama ningemweleza yeye. Mlinganyo haukuambii mto utakuwa wapi. Unakuambia tu kwamba mto ukiwa hapa, unabadilika kwa kasi hii. Kuna milinganyo michache mizuri inayofunguka kwa kalamu, na hiyo ndiyo tunayowapa wanafunzi ili wasikate tamaa. Mto halisi haufunguki. Kwa hiyo unafanya kama mtu anayevuka tope la bondeni kwa fimbo: unachoma mbele, unasikiliza, unapiga hatua, unachoma tena. Ukipiga hatua ndogo utachelewa kufika. Ukipiga hatua kubwa unaweza kuruka shimo bila kujua lilikuwepo, au ukazama humo humo. Utafiti wangu wote ni habari ya ukubwa wa hiyo hatua, yaani muda unaorukwa kati ya hesabu moja na inayofuata.

Njia nyingi za zamani, ukizidisha hatua, zinalipuka. Namba zinaanza kuyumba, zinapanda, zinashuka chini ya sifuri, mwisho kompyuta inakuambia mto una kina cha kwenda mwezini. Wanafunzi wangu walikuwa wakiona hivyo wanaona aibu. Mimi nikatengeneza njia isiyolipuka. Uipe hatua kubwa unavyotaka, inabaki tulivu, mstari wake laini kama shuka iliyopigwa pasi. Nilisifiwa kwa hilo. Nilialikwa huku na huku, nikapandishwa cheo, na ninakiri nilivimba kichwa kidogo. Labda si kidogo.

Nilipotaka mto wa kuijaribia, nikaukumbuka ule wa utotoni. Nikampa Benedikti daftari la kurasa mia na kalamu tatu, nikamwomba apime maji kwenye mti wake kila asubuhi. Akauliza, "Na jioni?" Nikamjibu ukipenda. Akapenda. Alipima asubuhi na jioni masika mawili, bila kukosa hata siku aliyokuwa na homa, na pembeni aliandika mambo ambayo sikumuomba. "Maji mekundu." "Kambale wanaingia kwenye majaruba." "Milimani kumenguruma saa nane, huku jua." Mwandiko wake ni ule ule wa darasa la saba, herufi zimesimama kama watoto mstarini.

Nikachukua vipimo vya asubuhi tu. Hatua yangu ilikuwa ya siku nzima, asubuhi hadi asubuhi, na vya jioni havikukaa vizuri kwenye jedwali langu. Maneno ya pembeni sikuyaingiza kabisa, ningeyaweka wapi? Kompyuta ikachora mstari mzuri sana. Mto mpole, unaopanda taratibu na kushuka taratibu.

Masika yaliyofuata nilikuja nyumbani likizo ya Pasaka. Wewe ulikuwa mdogo, unapoteza meno ya mbele. Benedikti alikuja hapa hapa sebuleni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, akasema, "Dada, mvua ya mwaka huu siielewi. Mpunga wa bondeni bado wiki mbili ukomae. Nikivuna sasa napata nusu na chenga tupu. Nikisubiri, naogopa maji. Ile hesabu yako inasemaje?"

Unaona alichoniuliza? Ni lile swali la mti majini. Alikuwa amengoja miaka yote hiyo ili aje aliulize tena kwa mtu aliyesomea.

Nikafungua kompyuta, nikaiendesha mbele yake. Mstari ukapanda, ukalala chini kabisa ya kichuguu kilichokuwa mpakani mwa shamba lake. Nikamwonyesha kwa kidole. "Hayafiki. Subiri."

Akatabasamu, akaomba niirudie tena aone ule mstari ukijichora. Tuliutazama pamoja. Nilikuwa na furaha ya ajabu siku ile, Skola, na nadhani naye pia.

Kuna sheria moja katika kazi yetu ambayo mimi mwenyewe niliwapigia kelele wanafunzi mpaka wakaniita kwa jina lake: Mama Gawa Nusu. Ukipata jibu, igawe hatua nusu, hesabu upya. Majibu yakikaribiana, unaweza kupumua. Yasipokaribiana, hujui kitu bado. Kuigawa nusu kungenichukua muda wa kuchemsha chai. Sikuigawa. Jibu lilikuwa zuri, ndugu yangu alikuwa anatabasamu, na njia yangu hailipuki.

Siku ya tatu, jirani yake Masanja, yule Msukuma mwenye ng'ombe, akahamisha kundi lake lote kwenda juu. Benedikti akamwambia asihangaike, dada profesa amepiga hesabu. Masanja akamjibu, "Sawa, bhabha, dada yako namheshimu. Ila hawa ng'ombe wangu hawajasoma, na tangu juzi jioni wamegoma kushuka kunywa." Benedikti alinisimulia kwa kucheka, nami nikacheka.

Mvua ya milimani hunyesha mchana. Maji yake yanatufikia jioni, na asubuhi yameshapita, yamekwenda zake kwenye mto mkubwa. Hiyo ndiyo habari nzima. Kila anayeishi pale anaijua, na ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu masika mawili, upande wa jioni. Wiki hiyo hiyo maji yalikuja kabla ya jua kuzama, yakapita juu ya kichuguu, yakaondoka na dungu, yakaulaza mpunga na kuufunika kwa mchanga. Benedikti na mkewe walitoka salama, wamebeba watoto mabegani. Asubuhi alikwenda kwenye mti wake, akapima kama kawaida. Maji yalikuwa chini, pale pale mstari wangu uliposema yatakuwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimekwenda kuwapa kuku maji ingawa walikuwa nayo.

Siku mbili baadaye alikuja. Nilitegemea anigombeze. Nilishajiandaa, nilikuwa na maneno kuhusu mvua isiyo ya kawaida. Hakugomba. Alikuwa na matope mpaka magotini na alikataa kukaa asichafue kiti. Akaliweka daftari mezani, akalifungua, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, nilikosea kuandika wapi?"

Alidhani kosa ni lake. Mtu amepoteza chakula cha mwaka, na alichokuja kuniomba ni nimwonyeshe mahali alipodanganywa na macho yake, ili asije akaniharibia hesabu tena.

Nikalichukua daftari. Nikafunua kurasa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na nikasema, "Vipimo vya mtoni vina matatizo yake, Benedikti. Usijilaumu sana."

Usijilaumu sana! Nimejitafuna kwa lile "sana" kuliko kwa mafuriko yenyewe. Akatikisa kichwa, akasema, "Macho haya," akaondoka. Sauti yangu ilikuwa tulivu kabisa. Ungekuwepo ungesema mama anamfariji mdogo wake.

Alipotoka tu niligawa hatua nusu. Nikaingiza vipimo vya jioni, vyote. Na pale pale mstari laini ukaota milima, jioni baada ya jioni, na mmojawapo ulipita juu ya kichuguu bila hata kukigusa. Hakuwa amekosea hata alama moja. Njia yangu haikulipuka kwa sababu ilikuwa inayasawazisha yote, vilele na mashimo, kama mtu anayelainisha maneno ili pasiwe na ugomvi. Nilikaa nikitazama ule mlima. Na nitakuambia ukweli ambao hata kwenye kitubio nimeuzungukazunguka: hisia yangu ya kwanza haikuwa aibu. Ilikuwa ni udadisi. Niliwaza, ajabu, kumbe utulivu wa njia na ukweli wake ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapa kuna makala. Aibu ilikuja baadaye, kwa miguu.

Makala niliiandika. Nilisahihisha kosa langu hadharani, kwa Kiingereza, na watu wa fani wakanipongeza kwa uaminifu. Mwishoni niliweka shukrani kwa ndugu B. kwa vipimo vyake makini. Wasomi wa mabara yote wanaweza kusoma kwamba Benedikti alikuwa sahihi. Asiyejua ni Benedikti. Aliuacha mti wake, akahamia Mbingu kwa shemeji zake, na tangu hapo hajasoma namba mbele ya mtu. Nilijiambia nitamweleza Krismasi. Kisha nikasema nisubiri msiba wa baba uishe. Kisha ikawa ni zamani mno, nikaona nitaonekana mjinga kulifukua. Hatua zangu zikawa za mwaka mzima mzima, na kila nilipotazama, maji yalikuwa chini.

Nimekuwa nikikukanya hasira zako tangu utoto. Ulivyompigia kelele mwalimu mkuu, ulivyobamiza mlango huu mpaka bawaba ikang'oka. Nilikuwa nakuambia, "Tulia kama mama yako." Nafuta hiyo kauli. Njia inayolipuka angalau inakuambia hapo hapo kwamba umekosea. Sikuambii ubamize milango ya wenyewe huko uendako. Nakuambia tu kwamba utulivu wangu uliokuwa unauonea wivu, sehemu yake ilikuwa ni mtu asiyegawa hatua nusu.

Programu ichukue, ni yako. Ila usiianzie mahali nilipoianzia. Kuna jambo sijalijua bado na linanikera kwa raha: mto wenyewe ungeweza kutuambia ni lini tupige hatua ndogo? Yaani maji yakiwa yamelala, programu itembee kwa siku nzima. Milima ikinguruma, ianze kunyata kwa dakika. Watu wamejaribu kwa mito ya kwao iliyojaa vifaa. Je, kwa mto wenye mti mmoja wa alama na maneno ya pembeni? "Kambale wanaingia kwenye majaruba" hiyo ni namba, Skola, nina hakika ni namba, ila sijui ya kipimo gani. Na ng'ombe wa Masanja walisikia nini? Nimezeeka nikiwa sijui, na nakuonea gere kwa miaka uliyonayo ya kutafuta.

Kwenye mfuko wa nje wa begi nimekuwekea nakala ya daftari, kila ukurasa, na pembeni zake zote. Najua ulitaka lenyewe. Uliniomba mara mbili, na mara zote nikasema tutaona. Sikupi. Si lako, na nimegundua asubuhi hii nikilitolea nakala pale dukani kwamba si langu pia.

Kijana wa pale dukani aliniuliza, "Mama, hili daftari la nani? Mwandiko wa zamani huu." Nikamwambia ni la mtaalamu mmoja yuko Mbingu. Nimesikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu, kwa mgeni, kwa wepesi ule, nikarudi nyumbani na kuanza kukuandikia.

Kesho nitakusindikiza kituoni, nitakushika, pengine nitalia, nawe utajifanya huoni. Hutaijua habari hii kwa sababu nimekupiga marufuku kuifungua kabla basi halijavuka Kidatu. Nimefanya hivyo makusudi. Ungeijua mapema ungenipeleka wewe kwa mjomba wako, ungeanza kusema wewe, kwa sauti yako hiyo, na mimi ningekaa pembeni nikitikisa kichwa kwa utulivu. Basi lako likishaondoka, mimi nitapanda la upande wa pili. Utakapokuwa unasoma mstari huu, nitakuwa njiani kwenda Mbingu na daftari mapajani.

Sijui atanipokeaje. Anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki. Anaweza kukaa kimya, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Sitasingizia mvua, sitasingizia kompyuta. Nitamwambia nilikosea mimi, nikajua siku ile ile, nikamwacha abaki na kosa lisilo lake. Kisha nitafungua ukurasa mmoja wa masika ya pili, niweke kidole kwenye safu ya jioni, na kama atanikubalia jambo moja tu maishani, nitamwomba ashike daftari lake anisomee yeye, kwa sauti, alama moja moja, nami nitaandika.

Mama yako